Kuachiwa darasa siyo kupewa kauli

Kuna madaftari ya hesabu siwezi kuyasahau. Yalikuwa ya darasa la mwalimu mgeni ambaye niliambiwa nimlee, mwaka wake wa kwanza kazini, mada ilikuwa kujumlisha sehemu. Swali la kwanza nusu jumlisha theluthi, na mtoto kaandika 2/5, yaani kajumlisha ya juu na ya juu, ya chini na ya chini, mwandiko msafi, mstari kapiga na rula. Tukafungua daftari la pili, 2/5. La tatu, 2/5. Kufika la kumi tukawa hatushangai tena. Na azimio la kazi, yaani mpango wa mada na tarehe zake, lilikuwa linasema Jumatatu anaingia desimali.

Akaniangalia akaniuliza, "Mwalimu, hapa natakiwa nifanyeje?"

Hilo neno "natakiwa" ndo limenifanya niandike. Huyu alikuwa mwalimu mzuri tu, chuo kafaulu, hesabu anaijua, watoto anawapenda, na kosa kaliona mwenyewe kabla hata mimi sijaliona. Lakini kichwani mwake uamuzi wa nini kifanyike ulikuwa mali ya mtu mwingine, iwe mimi, iwe mkuu wa idara, iwe ile karatasi ya azimio aliyoibandika ndani ya jalada. Watafiti wa elimu wana istilahi nzito kwa ajili ya jambo hili, mimi naomba nitumie neno ambalo kila mtu analielewa: kauli. Tunaposema fulani hana kauli kwenye nyumba yake tunaelewana vizuri kabisa. Mwalimu mwenye kauli ni yule anayeona jambo darasani, akaamua, akatenda, halafu akaweza kusimama mbele ya wenzake akaeleza kwa nini kaamua hivyo. Hiyo ya mwisho watu wengi wanaisahau, na kwa maoni yangu ndo penyewe.

Kwasababu ukiongea na walimu wengi kuhusu uhuru kazini watakwambia, aah, mimi nikifunga mlango wangu nafanya navyotaka. Na ni kweli. Mwalimu hata yule mpya kabisa ana uhuru mkubwa sana ukilinganisha na kazi nyingine, nesi wa kwanza kazini hawezi kuachiwa wodi peke yake siku ya pili, rubani hawezi kupewa ndege yenye abiria wiki ya kwanza, lakini mwalimu anapewa darasa zima asubuhi ya kwanza, mlango unafungwa, na mpaka jioni hakuna mtu mzima aliyemwona akifanya kazi. Kazi ya mgeni na kazi ya mwenye miaka ishirini ni ileile. Saa nyingine mgeni ndo anapewa darasa gumu kuliko yote kwasababu wakongwe wameshalikataa, hili mnalijua, na linaumiza.

Sasa swali langu ni hili: huo uhuru wa nyuma ya mlango, ni kauli? Mimi nasema hapana. Nasema kabisa kwamba kuachiwa ni kitu kimoja na kuwa na kauli ni kitu kingine, na shule nyingi zinachanganya haya mawili, zinadhani zimemheshimu mwalimu mpya kwa kutomsumbua, kumbe zimemtelekeza.

Angalia nini kinatokea mtu akiachiwa. Mwaka 1975 mwanasosiolojia wa Marekani anaitwa Dan Lortie alitoa hoja ambayo mpaka leo haijapitwa na wakati. Alisema ualimu ni kazi ya ajabu kwasababu anayeingia amekaa akiiangalia kwa miaka mingi kabla hajaanza kuisomea, alikadiria mwanafunzi mpaka anamaliza sekondari ameshakaa na walimu kama saa 13,000 hivi. Kozi ya ualimu hata iwe nzuri kiasi gani haifikii hizo saa. Na katika saa zote hizo yeye alikuwa upande wa madawati, kaona mwalimu anavyoandika ubaoni, anavyofoka, anavyochagua wa kujibu, ila hajaona mwalimu alikuwa anafikiria nini, kwa nini leo kaacha lile swali, kwa nini kamruka yule mtoto. Kaona mikono tu, akili nyuma ya mikono hakuiona.

Kwahiyo mwalimu mpya akibanwa, darasa limepiga kelele, muda umekwisha, mkaguzi yuko njiani, anarudi wapi? Hawezi kurudi kwenye noti za chuo, anarudi kwa mwalimu wake wa darasa la tano. Anafoka na sauti ya mtu mwingine. Wengine wanajisikia kabisa, wanakwambia nilijisikia nikiongea kama ticha wangu wa zamani na sikumpenda yule ticha. Huyo mtu yuko huru, hakuna aliyemlazimisha, mlango umefungwa. Lakini kauli hana, anaendeshwa na kumbukumbu.

Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo karibu miaka miwili. Shule niliyoanzia sitaitaja, haina haja, walikuwa watu wema, walinikaribisha vizuri wakanipa ratiba ya vipindi 28 kwa wiki, ufunguo wa kabati na kitabu cha mahudhurio, basi. Kwa miaka miwili mtu aliyeingia darasani kwangu alikuwa anatafuta chaki. Niliita hiyo kuaminiwa. Siku mkuu wa shule aliponiuliza kwa nini nafundisha insha kwa kuwapa watoto mfano wa kunakili sikuwa na jibu hata moja, nilibaki nasema "ndo tunavyofanya", na ukweli sikuwa najua hao "sisi" ni akina nani.

Hii ya mshtuko wa mwanzo imechunguzwa sana. Mwaka 1984 Simon Veenman wa Uholanzi alikusanya tafiti 83 kutoka nchi mbalimbali kuhusu shida za walimu wanaoanza, na iliyoongoza ilikuwa nidhamu ya darasa, ikifuatiwa na kuwapa wanafunzi motisha, kisha kushughulika na tofauti zao. Kabla yake, mwaka 1969, mtafiti wa elimu Frances Fuller alishaonyesha kwamba mwalimu anayeanza anajiwazia kwanza yeye mwenyewe, nitaweza? watanipenda? wataniheshimu? halafu ndo anahamia kwenye kazi yenyewe, halafu baadaye sana ndo anaanza kujiuliza watoto wanapata nini. Watu wanabishana kama hizo hatua zinafuatana kweli kwa kila mtu, na mimi nakubaliana na wanaobisha, maana yule mwalimu mgeni wa madaftari alikuwa ameshaona 2/5 na kuumia nayo akiwa na miezi minne kazini. Wasiwasi juu ya watoto alikuwa nao tayari, ila hakuwa na pa kuupeleka.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Tumezoea kusema fulani ana ujasiri, fulani ni mwoga, kama vile kauli ni tabia mtu anazaliwa nayo. Utasikia kwenye ofisi ya walimu "huyu mgeni ni mpole mno, darasa litamshinda", "yule anajiamini, atafika mbali". Mark Priestley, Gert Biesta na Sarah Robinson waliofanya utafiti Scotland wanaliangalia tofauti. Wanasema kauli ya mwalimu usiitafute ndani yake kama kitu alichokibeba, inatokea pale mtu na mazingira yake vinapokutana. Mtu yuleyule, shule hii anaamua, shule ile ananyamaza. Walichukua wazo kutoka kwa wanasosiolojia Mustafa Emirbayer na Ann Mische, la mwaka 1998, kwamba kila tendo la mtu limebeba nyakati tatu kwa pamoja: aliyoyapitia, anayoyaona mbele, na hali aliyonayo sasa hivi. Ukiipeleka hiyo kwa mwalimu mpya unaelewa mara moja kwa nini ana hali ngumu. Aliyoyapitia ni zile saa 13,000 za dawati na mazoezi ya kufundisha ya wiki chache. Ya mbele, mengi anayoyaona ni kumaliza silabasi na kuthibitishwa kazini. Hali ya sasa ni darasa limejaa na mlango umefungwa. Utamlaumuje kwa kusema "natakiwa nifanyeje"?

Kilichonigusa zaidi kwenye kazi yao ni kilichotokea baada ya Scotland kuanza mtaala mpya mwaka 2010, mtaala ambao kwa makusudi ulimpa mwalimu nafasi kubwa zaidi ya kuamua afundishe nini na vipi. Ungetegemea kauli ichanue. Watafiti wakakuta walimu wengi, tena wenye uzoefu na moyo wa kazi, hawakuwa na maneno ya kueleza elimu ni ya nini kwa muda mrefu, malengo yao yalikuwa ya karibu, watoto wachangamke, darasa litulie, wiki iishe salama. Mlango ulifunguliwa na watu wakabaki wamesimama kizingitini. Walipolinganisha shule, tofauti kubwa ilitokana na mahusiano: pale walimu walipokuwa na njia za kukutana, kuzungumza kazi, kutembeleana madarasani, ile nafasi ilitumika. Pale kila mtu yuko kwenye chumba chake, nafasi ilikuwepo kwenye karatasi.

Kwahiyo uhuru ukija bila mazungumzo unakuwa mzigo. Na kwa mwalimu mpya mzigo huo ni mara mbili maana hata hayo mazungumzo hajui aanzie wapi, akiuliza sana ataonekana hajui, asipouliza ataonekana anajua, na anachagua kuonekana anajua. Nani angechagua vingine.

Turudi kwenye 2/5.

Aliponiuliza natakiwa nifanyeje, mimi nilimjibu. Kengele ilikuwa imeshagonga, nina kipindi, nikamwambia haraka rudia mada, wape tena kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika, desimali zitasubiri siku mbili. Nilijiona nimemsaidia sana. Siku mbili zikaisha, nikapita kuangalia madaftari, nusu jumlisha theluthi, 2/5. Siyo wote, ila wengi, na waliopata 5/6 wengine walikuwa wamekariri tu, ukibadilisha namba wanarudi kulekule. Akasema, "Nilifanya kama ulivyosema, Mwalimu." Hakulalamika, alisema kwa unyenyekevu kabisa, na ilinichoma. Alifanya kama nilivyosema. Alifundisha somo lilelile kwa sauti kubwa zaidi kwa siku mbili kwasababu uamuzi ulikuwa wangu na mimi sikuwepo darasani. Mtu akitekeleza uamuzi wa mwingine hana pa kuurekebishia ukikwama, anaweza kuurudia au kuuacha, basi.

Hapo ndo nilielewa kwamba ulezi wangu ulikuwa na kasoro ileile ya kuachiwa, ila kwa upande wa pili. Ukimwacha hana kauli. Ukimwamulia hana kauli. Nikakaa naye siku hiyo baada ya vipindi, nikajizuia kusema chochote, ni kazi ngumu sana kwa mwalimu mzoefu kujizuia, nikamuuliza wewe hapa unaona nini. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Hii 2/5 ni ndogo kuliko nusu." Nikamwambia endelea. "Mtoto alikuwa na nusu, akaongezewa kitu, akabaki na kidogo kuliko alichokuwa nacho mwanzo, na hakushtuka." Akanyamaza tena. "Hawashtuki kwasababu hawaoni kitu hapo, wanaona namba nne tu."

Jamani, hiyo ni akili ya ualimu yenyewe! Hakuna kiongozi cha mwalimu kilichomwambia hiyo sentensi. Kesho yake aliingia na vipande virefu vya karatasi, kila mtoto kakunja chake mara sita sawasawa, wakapaka rangi nusu, wakahesabu visehemu vitatu, wakapaka theluthi, viwili, na darasa zima likaanza kubishana lenyewe kwamba 2/5 haiwezekani, mmoja kasimama kabisa juu ya dawati. Nilikuwa nimekaa nyuma. Mada ilikuwa ileile na watoto walewale, ila mwalimu alikuwa anaijua sababu ya kila alichokuwa anafanya, na ilionekana hata kwenye jinsi alivyokuwa anasubiri majibu bila haraka.

Mwanasaikolojia Albert Bandura tangu mwaka 1977 alikuwa anasema kinachojenga imani ya mtu kwamba anaweza ni kufanya jambo mwenyewe na likafanikiwa, inazidi kwa mbali kuambiwa unaweza. Naongeza hapa kitu cha kwangu, kwamba kwa mwalimu lazima ajue lilifanikiwa kwa nini, la sivyo anaondoka na bahati tu mkononi. Semina za kuwapa walimu wapya moyo, mabango ya wewe ni nyota, maneno matamu ya mgeni rasmi, hayo yote yanapita. Somo moja ulilolifikiria mwenyewe likaeleweka na ukajua kwa nini limeeleweka linakaa na wewe miaka.

Sasa nchi zinafanya nini kuhusu hili? Zinatofautiana sana. Scotland tangu 2002 inampa mwalimu aliyehitimu uhakika wa mwaka mmoja wa kazi akiwa na vipindi vilivyopunguzwa na mtu wa kumwongoza. England kuanzia Septemba 2021 ilirefusha kipindi cha kuanza kazi kikawa miaka miwili, mwaka wa kwanza mwalimu anapunguziwa asilimia 10 ya vipindi, wa pili asilimia 5, na ana mlezi wake. Muda huo ni dhahabu, sisemi vinginevyo. Lakini malalamiko ya walimu wengi kule yalikuwa kwamba programu imejazwa vitu walivyokwisha soma chuoni, vimepangwa wiki kwa wiki hata kama havigusi shida waliyonayo darasani wiki hiyo. Yaani mtu ana 2/5 mezani na programu inamwambia wiki hii tunasoma kuhusu kusifia tabia njema. Hapo unampa muda kwa mkono huu na kauli unaichukua kwa mkono ule.

Japani nako, tangu 1989 mafunzo ya mwaka wa kwanza ni ya kisheria kwa walimu wapya wa shule za umma, lakini mimi kinachonivutia ni utamaduni wao wa zamani zaidi wa walimu kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja anaingia kulifundisha, wengine wanakaa wanaangalia wanafunzi, narudia, wanafunzi, wanaandika mtoto huyu alisema nini, yule alikwama wapi, halafu wanakaa kulijadili. Angalia hiyo inamfanyia nini mgeni. Somo likiharibika halijaharibika la kwake, ni letu, tulilipanga wote. Na anasikia wakongwe wakifikiri kwa sauti, kile kitu ambacho kwenye saa zake 13,000 za dawati hakuwahi kukisikia. Wakongwe wanabishana mbele yake na anagundua kumbe hata wao hawana uhakika, kumbe kutokuwa na uhakika siyo dalili ya ugeni.

Kwa ujumla lakini hali siyo nzuri. Uchunguzi wa TALIS, unaohoji walimu wa nchi mbalimbali, wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, mwaka 2018 ulionyesha kwamba wastani wa walimu wapya 22 tu kati ya 100 kwenye nchi wanachama ndo walikuwa wamepangiwa mlezi. Na hizo ni nchi zenye uwezo. Kule Marekani mtafiti Richard Ingersoll amehesabu kwa miaka mingi na kukuta zaidi ya asilimia 40 wanaacha ualimu ndani ya miaka mitano ya kwanza. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, nao wanasema dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 kufikia 2030, sehemu kubwa kuziba nafasi za wanaoacha kazi. Watu wakisikia hizo namba wanakimbilia mshahara, na mshahara ni kweli kabisa, sitaki mtu atumie makala hii kusema walimu wapewe kauli badala ya hela. Lakini nimekaa na vijana walioacha, na wengi sikuwasikia wakianza na hela. Wanaanza na "hakuna aliyekuwa anajua nafanya nini mle ndani". Yaani ukifanya vizuri hakuna anayejua, ukikosea ndo wanajua.

Kuna watakaosema, na wameshaniambia, mwalimu mpya kwanza ajifunze kufuata, kauli atapata akikomaa. Naelewa wanakotoka. Mgeni anaweza kukosea na anayelipa ni mtoto, na mtoto harudii mwaka kwasababu mwalimu wake alikuwa anajaribu. Mimi pia sitaki mtu wa miezi minne atupe silabasi dirishani. Ila hoja hii inadhani kauli ni zawadi ya kustaafia, unatii miaka kumi halafu siku moja unaanza kuamua. Haiwi hivyo. Miaka kumi ya kutii inakupa mtu aliyebobea kwenye kutii, na huyo ndo anakuja kuwa mkuu wa idara anayemwambia mgeni hapa tunafanya hivi. Mapendekezo ya ILO, shirika la kazi duniani, na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, yale ya 5 Oktoba 1966, yalishasema walimu wawe na nafasi ya msingi katika kuchagua na kurekebisha zana za kufundishia na kutumia mbinu, ndani ya programu zilizokubaliwa. Hawakuandika "walimu wenye zaidi ya miaka kumi".

Kinachotakiwa ni ukubwa wa uamuzi uendane na mtu. Mpe mgeni uamuzi mdogo ulio wake kweli. Aamue kama mada hii imeeleweka au la, na aonyeshe ushahidi. Aamue aanze na mfano upi. Aamue ni daftari lipi alete kwenye kikao. Usimpe kamati ya mapambo ya mahafali ukaita hiyo kumshirikisha. Na mlezi, nakuomba sana wewe uliyepewa mgeni mwaka huu, ukiingia darasani kwake usikae na fomu ya kuweka tiki, kaa nyuma andika watoto walisema nini, ukitoka mpe hiyo karatasi, halafu muulize kabla hujamwambia. Atanyamaza. Vumilia ule ukimya, usiujaze.

Na mkuu wa shule kazi yake hapo ni kubwa kuliko anavyodhani, maana mlezi akimjenga mgeni wiki nzima halafu mkuu akamgombeza dakika tano mbele ya wenzake kwa kuchelewa kwenye azimio, wiki imekwenda. Walimu wapya wanasoma haraka sana nani anasikilizwa kwenye kikao na nani anakatwa kauli, na wala hawasomi kwenye sera. Wanaangalia tu nani alikunja uso.

Ndo maana kikao cha idara cha wiki ile nilikwenda na hofu kuliko yeye. Mkuu wa idara alifungua azimio, akaona desimali hazijaanza, akauliza nani yuko nyuma. Mgeni akanyoosha mkono. Nilitaka kumtetea, nikakaza midomo. Akasimama na madaftari matatu, akayapanga mezani, akasema, "Mwalimu, hili ni la wiki iliyopita, hili ni la siku niliporudia kanuni, hili ni la jana. Niliamua kukaa hapa kwasababu desimali bila hii hawataielewa. Naomba mpaka Alhamisi." Sauti ilikuwa inatetemeka kidogo. Hakusema niliambiwa, wala hakunitaja.

Mkuu wa idara akafungua yale madaftari moja moja, akachukua muda wake. Akauliza swali moja tu, hao waliobaki na 2/5 jana ni wangapi. Akajibu sita, akawataja majina. Mkuu akaandika Alhamisi kwenye azimio kwa kalamu, kikao kikaendelea na mambo mengine. Tulipotoka, mwalimu wa darasa la jirani, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, akamfuata kwenye korido akamuuliza zile karatasi alikuwa anawakunjisha vipi mpaka zinatoka sita sawasawa.